Mwana Kupona na Kumbukumbu za Nyumbani

Kila jamaa ina hazina ya mambo yaliyopita. Siku ya arusi, siku mtoto alipopiga hatua ya kwanza, safari ya kwenda Mombasa ambayo gari lilisimamishwa karibu na Voi ili watoto watazame tembo: hayo yote hukumbukwa na kusimuliwa. Siku hizi hupigwa picha pia, na simu moja huweza kubeba mamia. Walakini picha haisemi aliyecheka alicheka nini. Wenye kuijua habari yake wakisha kufariki, husalia sura tupu. Basi yafaa tuulize: kumbukumbu ya nyumbani ihifadhiwe namna gani hata imfae yule atakayebaki? Fasihi yetu ina jibu moja la kale, nalo ni Utendi wa Mwana Kupona.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, na mwaka 1858 mjane wake, hali ni mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wosia. Yeye mwenyewe alifariki yapata mwaka 1860.

Utendi waanza kwa upole. Mama amwita binti yake asogee karibu na kuleta wino na karatasi, kwa kuwa maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kusema naye. Kisha ayafananisha maneno yake na hirizi ya kufungwa kwa uzi, na tena na kidani cha lulu na marijani cha kuvaliwa shingoni. Mfano huu wastahili kutazamwa vyema. Mali ya urithi huweza kuwekwa sandukuni na kusahauliwa; kidani huvaliwa mbele ya watu, na mvaaji huonekana kuwa ni mwana wa fulani. Mtunzi ataka maneno yake yavaliwe.

Baadaye yaja mafunzo: radhi tano za kutafutwa, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, kisha adabu ya mke nyumbani na ya mtu mbele ya watu. Wasomaji wengi huishia hapo. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huu mwaka 1934, kitabu kilipewa jina la Kiingereza lenye maana ya mawaidha ya Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo wako wausifuo kwa kuwa wamfunza mwanamke utii, na wako waulaumu kwa sababu iyo hiyo. Makundi haya mawili yagombana, lakini yote mawili yamesoma utendi kana kwamba ni sheria.

Kwa maoni yangu, moyo wa utendi umo katika beti ambazo mjane amkumbuka mumewe. Asema waliishi kwa furaha na kicheko, wala hapana aliyemtia mwenziwe haya. Na siku ya kufa kwake mume alitamka ya kuwa yu radhi naye. Sasa twajua mafunzo yale yalitoka wapi. Mama hakuyatoa katika kitabu cha amri. Aliyatoa katika ndoa yake mwenyewe. Tena fikiri ni mtu gani anayekumbukwa hivi. Wanahistoria humtaja Bwana Mataka kwa vita vya miaka ya 1840, Siyu ilipoyashinda majeshi ya Seyyid Said wa Unguja. Lakini mjane, katika kumkumbuka, hamweleze binti yake habari za mapigano. Amweleza kicheko. Ushindi ule ulikuwa mali ya mji. Kicheko kilikuwa mali ya nyumba, na asingekisema yeye kingalipotea pamoja naye.

Hata hivyo utendi una upungufu. Twaambiwa palikuwa na kicheko, lakini hatuonyeshwi hata siku moja ya kicheko hicho. Mwana Hashima, aliyekulia nyumba ile, huenda hakuhitaji kuambiwa. Sisi tulio nje twasikia mlango umefungwa na watu wacheka ndani. Na liko jambo zito zaidi. Nyumba ile ilikuwa na watumwa, na mama amwonya binti asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Kumbukumbu za watumwa hao hazimo katika kidani. Mwanafunzi aupende utendi kwa uzuri wake, lakini asifumbe macho mbele ya beti hiyo.

Shaaban Robert wa Tanga naye aliifuata njia hii katika karne iliyofuata. Ndani ya kitabu chake Maisha Yangu mna tenzi mbili za wosia, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Yeye alifanya jambo ambalo Mwana Kupona hakulifanya: aliuweka wosia ndani ya hadithi ya maisha yake, hata msomaji apata mafunzo na njia iliyoyaleta kwa pamoja. Lakini katika jambo kubwa watunzi hawa wawili ni sawa. Kila mmoja alimjua mtu aliyemwandikia, naye hakungoja kuulizwa.

Hapa ndipo wengi wetu tulipopungukiwa. Mambo ya kukumbuka tunayo tele, lakini hatujachagua wa kumwachia. Mwana Kupona alikuwa na wino, karatasi na mwili uliokuwa ukidhoofika. Akachagua mtoto mmoja, akamwambia aketi karibu. Kwa ajili hiyo maneno yaliyokusudiwa shingo moja ya huko Pate yamefika kwetu, nasi twaweza kuyasifu na kuyalaumu.