Heshima Mpakani: 'Mhesh', 'Mkubwa' na 'Toto' katika Somo la Isimujamii

Mwalimu mwenzangu, kuna jibu moja la isimujamii ambalo sote tumelisahihisha mara zisizo na idadi: kwamba sajili ya vijana wa mtaani 'haina heshima'. Mtahiniwa huliandika akijua litakubaliwa, nasi huliwekea alama ya vema tukageukia daftari lijalo. Makala haya yanashikilia kuwa jibu hilo ni pungufu, na kwamba mwanafunzi wa Malaba au Busia anayefundishwa hivyo anafundishwa kutosikia kinachosemwa nje ya lango la shule yake.

Tuanzie Busia, huku mpakani. Hapa ndipo panapotajwa kuwa chimbuko la neno bodaboda. Tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakinadi safari ya 'boda', yaani mpaka. Baiskeli zimezipisha pikipiki, lakini kazi ya kumvuta mteja kwa ulimi ingalipo. Ulimi huo humwitaje mteja? 'Mkubwa'. 'Bosi'. 'Mhesh'. Akidhaniwa kuwa Mganda ataitwa 'ssebo', na akiwa mwanamke 'nnyabo', maneno ya adabu ya Kiganda yaliyovuka mpaka bila pasipoti. Mama wa makamo ataitwa 'mathe'. Kisha mwendeshaji huyo huyo akimgeukia mwenzake wa stejini atamwita 'buda', neno ambalo katika Sheng lilikuwa la baba au mzee, na sasa vijana wa rika moja huitana kwalo.

Je, hii ni lugha isiyo na heshima? Mimi naona imejaa heshima hadi inamwagika. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuitafuta heshima ndani ya neno, kama vile imehifadhiwa humo kama njugu ndani ya ganda, ilhali imo katika uhusiano: nani anamwambia nani, na nani anasikia.

Chukua mazungumzo haya niliyoyabuni kwa ajili ya darasa:

KIJANA I: Niaje, buda? Nigotee.
KIJANA II: Fiti sana, mhesh. Karao amepita?
KIJANA I: Bado... Huyo anakuja. Habari ya kazi, afande?
AFISA: Nzuri. Leseni iko wapi?
KIJANA II: Hii hapa, mkubwa.

Mtahiniwa wa kawaida ataorodhesha misimu, sentensi fupi, kuchanganya ndimi, ufupishaji wa maneno. Si makosa. Hata hivyo, amepita juu ya kiini cha kifungu. Mtu mmoja ameitwa 'karao' akiwa mbali na 'afande' alipokaribia. Hilo la pili lina asili ya Kituruki na lilitufikia kupitia jeshi. Limebeba sare na bunduki. Kati ya maneno hayo mawili ni wapi palipo na heshima? Naona hofu tu. Heshima yenyewe imo katika ule mstari wa kwanza tunaouita wa kihuni, ambapo kijana anamnyoshea mwenzake ngumi igongane na yake, akamwita kwa jina la baba.

Wanaisimu Roger Brown na Albert Gilman, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1960, walitenganisha nguvu mbili zinazoongoza jinsi watu wanavyoitana: mamlaka na mshikamano. Mifano yao ilitoka katika lugha za Ulaya, ambamo Mfaransa hana budi kuchagua kati ya viwakilishi viwili anapomsemesha mtu mmoja. Kiswahili hakimpi msemaji uchaguzi huo. Tuna 'wewe' tu, na ukimfyatulia mzee 'Wewe!' pasipo neno jingine umemtukana. Ndiyo maana mzigo wote wa adabu umeangukia majina ya ukoo na ya vyeo, na ndiyo maana vijana wakitaka kuunda heshima yao hukimbilia huko huko. 'Mkubwa' ni wa mamlaka. 'Buda', stejini, ni wa mshikamano. 'Mhesh' hucheza pande zote mbili: ni 'mheshimiwa' aliyekatwa mkia, na kijana anapomwita mwenzake hivyo kwa kicheko, anamkweza mwenzake na papo hapo anamshusha mheshimiwa wa kweli.

Hapo msomaji wa fasihi atakumbuka Mstahiki Meya, tamthilia ya Timothy Arege iliyokuwa kitabu teule cha KCSE katika miaka ya 2010. Kejeli ya kazi hiyo inaanzia kwenye anwani. Meya Sosi ana cheo cha 'mstahiki' huku Cheneo ikizama na wafanyakazi wakigoma. Tulipoifundisha tulisema, na kwa haki, kwamba cheo kinamkejeli mwenye cheo. Basi kwa nini 'mhesh' ya stejini tuiite ufidhuli badala ya kejeli? Nadhani ni kwa sababu anayeitamka hana kitabu. Hata kamusi ya Sheng iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003 iliitaja katika anwani yake kuwa lugha ya ulimwengu wa kichinichini, na mtazamo huo haujatutoka.

Huku kwetu kuna neno linalostahili kipindi kizima. Katika Kiteso 'toto' ni mama, kama 'papa' alivyo baba. Katika Kiswahili cha mitaani 'toto' ni msichana mrembo. Sasa, dereva wa lori kutoka Mombasa, amekwama kwenye foleni ya Malaba, anamsikia kijana akimwita mama mkongwe sokoni 'toto'. Atadhani kijana amepotoka, kumbe ametumia neno la adabu kuliko yote aliyo nayo. Dereva akiliokota na kulitumia kwa binti wa mwenye duka, naye anajua anachokisema na binti anajua pia. Sauti ni ile ile, soko ni lile lile. Swali lolote la mtihani kuhusu athari ya mazingira katika matumizi ya lugha laweza kujibiwa kwa mfano huu mmoja, na mtoto wa hapa hahitaji kuazima wa Nairobi.

Nawe mtahiniwa, usinielewe vibaya. Katika insha rasmi 'mhesh' bado litakukosesha alama, na barua kwa mkuu wa shule haianzi kwa 'mkubwa'. Lakini katika zile alama 10 za isimujamii, usiandike 'haina heshima' kisha ukaweka nukta. Andika ni nani anayemheshimu nani, kwa neno gani, na nani yuko karibu akisikiliza.