Hirola Ana Wenyewe

Nimetazama filamu na kusoma ripoti kadhaa kuhusu hirola, yule swala wa Garissa mwenye alama kama miwani usoni, na zote zinanichosha mahali pamoja. Jua linachomoza juu ya Tana. Askari wa wanyamapori anashika darubini. Mzee anapita nyuma na ng'ombe wake, kimya. Kisha tunaambiwa hirola waliobaki duniani hawafiki 500, na ati jamii "imeshirikishwa".

Kwani mtu anashirikishwa vipi kwenye ardhi yake? Neno hilo linamfanya mwenyeji kuwa mwalikwa.

Hadithi bora ya hirola niliyokutana nayo ni kesi. Mwaka 1996, KWS walipoanza kuwahamishia hirola Tsavo, wakazi wa Garissa walikwenda Mahakama Kuu na wakapata amri ya kuwazuia. Lugha yake ni kavu, ya mawakili, lakini humo mfugaji ndiye anayedai. Hasemi mnyama ni mali yake. Anasema asiondolewe hapa. Watu hawa walikuwa wamepoteza ng'ombe kwa sotoka miaka ya 1980, ugonjwa uleule uliowamaliza hirola, na bado wakagharamika kumtetea swala. Filamu gani imeonyesha hilo?

Ishaqbini kule Ijara, ng'ambo ya mashariki ya Tana, ni mradi ninaouheshimu. Mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya fensi ya kuzuia simba na fisi, na baadaye wakaongezeka zaidi ya mara mbili. Sawa, pongezi. Lakini picha zote ni za fensi na ndama. Mimi nataka kuuona mkutano: nani alikubali kuacha malisho, nani alinuna, kiangazi kikikaza lango linafunguliwa na nani?

Si udaku huo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ambayo jamii haijaisajili inashikiliwa na kaunti kwa niaba yake. Sasa mkataba wa hifadhi unawekwa sahihi na nani? Januari 2025, mahakama ya Isiolo ilisema hifadhi mbili za jamii kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria. Wachungaji wa huko walikuwa wamelalamika miaka, huku video za tembo zikiendelea kupakiwa.

Kwetu Mandera, kwenye vitunguu na ndizi za kando ya Daua, kamera bado hazijafika. Zikija, zianze na mwenye shamba, na zimwache amalize kusema.