Zimwi Likujualo: Hofu na Mtazamaji katika "The Twilight Zone"

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu shirika la CBS la Marekani lilipoanza kurusha mfululizo wa runinga uitwao The Twilight Zone, tarehe 2 Oktoba 1959. Mfululizo huo ulikoma mwaka 1964 baada ya vipindi 156, lakini ungali unatazamwa, na ungali unatisha. Makala haya yanadhamiria kuuliza kwa nini. Swali si jepesi, kwa sababu takriban kila kitu kinachodhaniwa kuwa chanzo cha hofu katika bunilizi za kisayansi kimekwisha kuchakaa humo. Vyombo vya angani vinachekesha, viumbe wake ni dhahiri kwamba wametengenezwa karakanani, na safari za mwezini zilizowashangaza watazamaji wa 1959 ni historia.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watu huvutwa na kumbukumbu za utoto wao. Jibu hili halitufikishi mbali: wengi wanaoutazama mfululizo huu leo walizaliwa miongo kadhaa baada ya 1964, na hawana utoto wowote wa kuukumbuka humo.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Linashikilia kwamba hadithi hizi ni mafumbo ya kisiasa, na ushahidi wake ni thabiti. Rod Serling (1924–1975), mwasisi wa mfululizo na mwandishi wa vipindi 92 kati ya hivyo 156, alikuwa kwanza mtunzi wa tamthilia za runinga zilizosema mambo waziwazi. Tamthilia yake "Noon on Doomsday" ya mwaka 1956 ilichochewa na kuuawa kwa kijana Emmett Till huko Mississippi mwaka 1955. Wadhamini waliikatakata hadi kila dalili ya Kusini mwa Marekani ikafutwa. Baadaye Serling alijifunika kwa wageni wa sayari za mbali, nao wadhamini wakamwacha aseme.

Hata hivyo, fumbo likishafumbuliwa huwa limemaliza kazi yake. Lau kama The Twilight Zone ingekuwa fumbo tu kuhusu msako wa wakomunisti wa miaka ya 1950, leo tungeisoma kama tusomavyo hati ya kihistoria, kwa heshima na bila kuogopa. Hoja yetu ni kwamba hofu hii hudumu kutokana na mahali anapowekwa mtazamaji. Hawekwi pembeni kama shahidi. Anashirikishwa katika tendo.

Tuchukue kipindi cha "The Monsters Are Due on Maple Street", kilichorushwa tarehe 4 Machi 1960. Kitu kinang'aa angani juu ya mtaa wa watu wa kawaida. Umeme unakatika, simu zinanyamaza, magari hayawaki. Mtoto mmoja, Tommy, anawaambia watu wazima kwamba katika hadithi alizosoma wageni wa namna hii huwa wametanguliza wenzao wanaofanana na binadamu. Mara gari la Les Goodman linajiwasha lenyewe. Majirani wanamsogelea, na hapo wanaanza kukumbushana: huyu alionekana alfajiri akitazama mbingu, yule ana redio aliyoiunda mwenyewe. Giza likiisha kuingia, mtu anatokea kwa mbali akitembea kuelekea kwao. Charlie anapiga risasi. Aliyeuawa ni Pete Van Horn, jirani aliyekuwa amekwenda mtaa wa pili kuangalia kama huko umeme upo.

Hebu tuzingatie kile ambacho mtazamaji amekuwa akikifanya wakati huo wote. Anwani yenyewe imemwahidi mazimwi. Tangu dakika za mwanzo anachunguza uso baada ya uso akijiuliza: ni nani kati ya hawa? Hakuna swali la kikatili linaloulizwa na wenyeji wa Maple Street ambalo yeye hajaliuliza kwanza. Udadisi wa mpenzi wa hadithi za kutisha na shuku ya kundi la wauaji vinageuka kuwa kitu kimoja. Kumtambua Pete mapema hakusaidii, kwa kuwa kamera inatuonyesha kivuli tu, nasi tunakitazama kutoka upande wenye bunduki.

Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Serling anaipindua methali hii. Kwake yeye, ajuaye saa yako ya kulala na unachokifanya uani usiku ndiye atakayekumaliza.

Ni bahati mbaya kwamba hakutosheka na hapo. Mwishoni tunaonyeshwa wageni wawili kilimani, wamevaa mavazi yaliyotumika katika filamu ya Forbidden Planet (1956), wakielezana jinsi walivyouchezea umeme. Mtazamaji anapumua: kumbe walikuwapo! Kisha inaingia sauti ya Serling mwenyewe na mafunzo yake. Mtambaji hodari angekuwa amekwisha kunyamaza.

Richard Matheson alilijua hilo. Katika "The Invaders" (27 Januari 1961), mwanamke wa makamo anaishi peke yake katika kibanda kisicho na umeme. Agnes Moorehead, aliyemwigiza, hatamki neno hata moja. Tunasikia pumzi na vilio vyake tu. Chombo kinatua juu ya paa. Wanatoka viumbe wadogo mno, wanamchoma, wanamkata kwa kisu cha jikoni mwake. Anamkamata mmoja na kumtupa motoni, kisha anapanda paani na kukipasua chombo kwa shoka. Ndipo tunaposikia sauti kutoka ndani, ikiwaonya waliobaki nyumbani wasije, na kamera inatuonyesha maandishi ubavuni: ni chombo cha Jeshi la Anga la Marekani.

Wapo watakaosema kwamba hii ni hila ya mara moja, na kwamba ajuaye mwisho hana tena cha kuogopa. Hatukubaliani nao. Anayekitazama kipindi hiki mara ya pili anajua kwamba walio ndani ya chombo ni binadamu. Bado, kila Moorehead anapohema, anatamani shoka lishuke.