Andika Upya Sentensi: Uhakiki wa Mazoezi ya Mtihani wa Kiingereza na Fundisho Lake kwa Walimu wa Kiswahili

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la idara ya Kiswahili likihakiki mazoezi ya Kiingereza. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, mwanafunzi aliyesomea katika shule za Uganda anapoingia darasani mwetu huwa ameshapitia mazoezi hayo kwa miaka mingi, nayo ndiyo yaliyomfundisha, kabla yetu, nini maana ya kujifunza lugha. Pili, sasa Kiswahili kinapoenea shuleni, mazoezi yetu wenyewe yameanza kufanana na yale ya Kiingereza kama mtu na pacha wake. Kwa hiyo yafaa tuyachunguze, tuseme yalipofaulu na yalipopungua.

Kwanza tueleze kinachozungumzwa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ujulikanao kama PLE, hutungwa na Baraza la Mitihani la Taifa, yaani UNEB, na hufanywa mwishoni mwa darasa la saba. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiingereza imekuwa na maswali 55 katika sehemu mbili zenye alama sawa. Sehemu A ina maswali 50 mafupi. Sehemu B ina maswali 5 ya alama 10 kila moja, ambayo humtaka mtoto asome vifungu na kuandika. Katika Sehemu A, maswali 1 hadi 30 ni ya kujaza nafasi, kuliweka neno katika umbo linalofaa, kupanga maneno kwa abjadi, wingi, kinyume na mengineyo ya aina hiyo. Maswali 31 hadi 50 ni sentensi 20 za kuandikwa upya kwa kufuata maelekezo yaliyo katika mabano: anza na neno hili, tumia neno lile, unganisha mbili ziwe moja. Sentensi hizo 20 ndizo tunazozihakiki hapa, pamoja na vijitabu vya mazoezi vilivyoziigiza.

Haki itendeke: zoezi hili si la ovyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Linamwonyesha mtoto kwamba wazo moja laweza kuvaa nguo nyingi, jambo ambalo kila mwandishi mzuri hulihitaji. Linamlazimisha kuisoma sentensi neno kwa neno. Lina jibu ambalo wasahihishaji wawili wasiojuana wataliona kwa jicho moja, na hilo si jambo dogo katika mtihani unaofanywa na watoto wa nchi nzima, wa mjini na wa kijijini. Aidha, mwalimu mwenye darasa la watoto mia moja, kama wengi walivyojikuta baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1997, anaweza kulisahihisha na bado akalala usiku.

Hata hivyo, zoezi hili lina kasoro iliyo katika kiini chake: maelekezo ndiyo yanayotoa jibu. Mtoto akishaambiwa aanze na “No sooner”, anajua kwamba mbele kuna “had”, kisha kitenzi katika umbo la tatu, kisha “than” katikati. Haulizwi ni wakati gani mtu huhitaji kusema hivyo, wala anayesema hivyo anataka msikilizaji ahisi nini. Anajifunza ishara na kuitikia.

Tunapendekeza kipimo rahisi cha kuthibitisha dai hili. Chukua sentensi yenye maneno yasiyo na maana yoyote: “As soon as the mibble zonked, the trands fluped.” Mwambie mwanafunzi aliyefunzwa vizuri aiandike upya akianza na “No sooner”. Ataandika bila kusita: “No sooner had the mibble zonked than the trands fluped.” Amepata alama yake kamili, na wala hajui “mibble” ni mnyama au ni sufuria. Zoezi linaloweza kufanywa bila maana linapima kalibu tu, si tofali. Hatusemi kalibu haina kazi. Tunasema mtu asije akadhani kwamba ameona nyumba.

Kasoro ya pili ni ya uchaguzi. Miundo inayopendwa sana na vijitabu vya mazoezi, kama “No sooner”, “Hardly” na “Not only”, ni ya maandishi rasmi zaidi kuliko mazungumzo ya kila siku. Wakati huohuo, mahali ambapo msemaji wa Luganda au Kiswahili hujikwaa kila siku hapapewi uzito unaostahili. Lugha zetu hazitofautishi “he” na “she”. Kiswahili hakina vijineno “a” na “the”. Luganda ina irabu ya mwanzo katika nomino, lakini kazi yake si ileile. Halafu kuna kiambishi -me-, ambacho mara nyingine huonyesha tendo lililokamilika na mara nyingine hali iliyopo. “Mtoto amelala” kwa Mswahili ni hali: yuko usingizini. Mwanafunzi anayeifuata sauti ya lugha yake husema “The child has slept”, ilhali Kiingereza hutaka “is asleep”. Vivyo hivyo kwa “amesimama” na “amekaa”. Kosa hili lina mantiki yake, na mwalimu anayejua Kiswahili angeweza kulieleza kwa dakika tano. Katika kijitabu cha mazoezi huishia kupigwa mkwaju wa kalamu nyekundu, na mtoto hubaki akiamini kwamba Kiingereza ni bahati nasibu.

Tuangalie pia mitihani ya kimataifa, kwa kuwa wengi wa wahitimu wetu wanaotafuta ufadhili wa masomo ng'ambo huishia huko. TOEFL, uliokuwa na sehemu maalumu ya muundo wa sentensi, uliiondoa sehemu hiyo ulipoanza kufanywa kwa intaneti mwaka 2005, ukaweka sehemu ya kuzungumza. IELTS, ulioanza mwaka 1989, hauna karatasi ya sarufi. Sarufi hupimwa ndani ya maandishi na mazungumzo ya mtahiniwa mwenyewe, ikiwa kigezo kimoja kati ya vinne. Katika karatasi ya kuandika mtahiniwa hupewa dakika 60 kwa kazi mbili, moja ya maneno yasiyopungua 150 na nyingine yasiyopungua 250, na hakuna mabano yanayomwambia aanzeje. Mtu aliyezoea kushikwa mkono sentensi kwa sentensi hujikuta mbele ya ukurasa mweupe akiwa na miundo mingi kichwani na asijue wa kuutumia ni upi.

Je, basi zoezi la kuandika upya lifutwe? Hapana. Mitihani ya Cambridge imelihifadhi hadi leo, lakini kwa sura nyingine. Katika ngazi ya B2 mtahiniwa hupewa sentensi kamili, neno moja lisiloruhusiwa kubadilishwa, na sentensi ya pili yenye pengo, naye hujaza kwa maneno mawili hadi matano likiwemo lile alilopewa. Neno hilo halimwambii aanze vipi. Ni lazima aelewe sentensi ya kwanza inasema nini ndipo ajue neno hilo litasimama wapi. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha kuitikia na kufikiri.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maana yake ni kwamba watoto wengi ambao hawasikii Kiswahili nyumbani watakutana nacho kwanza katika zoezi. Na mazoezi tunayoyaona mara nyingi ni yapi? Andika kwa wingi. Kanusha. Andika katika ukubwa.

Tuyaweke katika kipimo kilekile. “Kinabo kimezaluka.” Wingi wake? “Vinabo vimezaluka.” Alama moja, na hakuna mwanadamu ajuaye kinabo ni nini. Tuchukue ukubwa: “Mzee yule alipita” hugeuzwa kuwa “Zee lile lilipita”. Upatanisho ni sahihi, lakini mtoto hajaambiwa kwamba sentensi ya pili ina dharau ndani yake na kwamba akiitamka mbele ya babu wa mtu ataadhibiwa. Tuchukue na ukanushi: “Ningekuwa na pesa ningenunua kitabu.” Anayekanusha kwa mazoea huandika “Nisingekuwa na pesa nisingenunua kitabu”, naye hupewa vyema. Lakini “Ningekuwa na pesa nisingenunua kitabu” nayo ni sentensi sahihi, na “Nisingekuwa na pesa ningenunua kitabu” pia, ingawa inashangaza. Kila moja inatuchorea mtu tofauti. Swali zuri lingekuwa: ni nani kati ya hawa anayependa vitabu, na umejuaje? Hapo sarufi na maana zimefungwa kamba moja.

Kwa maoni yetu, mambo matatu yanawezekana bila fedha mpya. La kwanza, tuliazime swali lililo bora kuliko yote katika Sehemu A ya karatasi ile ya Kiingereza, yaani lile linalompa mtoto maneno mawili yanayokaribiana na kumtaka atunge sentensi zake kuonyesha tofauti. Katika Uganda swali hili linafaa sana kwa Kiswahili. Kwa Waganda “l” na “r” hupokezana kufuatana na irabu iliyotangulia, kwa hiyo “kalamu” na “karamu”, au “mahali” na “mahari”, si mchezo wa matamshi tu bali ni shida ya kweli. Atakayetunga sentensi ya kueleweka kwa kila neno hakika ameyajua. Kipimo chetu cha maneno ya uongo hakiwezi kumshinda.

La pili, zoezi la kuandika upya lipewe mahali na mtu. Badala ya “andika upya ukitumia ‘licha ya’”, tumwambie mwanafunzi: umechelewa shule kwa sababu ya mvua, nawe uliondoka nyumbani mapema, mwandikie mwalimu mkuu sentensi moja ukitumia “licha ya”. Muundo ni uleule, lakini sasa una mwenyewe na msomaji wake.

La tatu, kosa lisomwe kabla ya kukatwa. Kosa linalorudiwa na nusu ya darasa ni barua kutoka lugha ya kwanza ya darasa hilo.

Tunajua pingamizi litakalotolewa: maswali ya namna hii huchukua muda kusahihisha. Ni kweli. Jibu letu ni kuyapunguza. Maswali matano yanayodai maana yatatuambia zaidi juu ya mwanafunzi kuliko ishirini yanayodai kuitikia, na mwalimu bado atalala.

Karatasi ya Kiingereza ina desturi ndefu nyuma yake na haitabadilika kwa makala ya jarida la idara. Ya Kiswahili ndiyo kwanza inafinyangwa, na walio wengi kati ya watakaoifinyanga wamo miongoni mwa wasomaji wetu: walimu wanaotunga majaribio ya mwisho wa muhula na wanafunzi watakaokwenda mazoezi ya kufundisha. Udongo uwahi ungali maji. Kabla ya kuandika tena “andika kwa wingi”, hebu kila mmoja wetu alijaribu swali lake kwa neno lisilo na maana, aone kama jibu bado linapatikana. Likipatikana, alitunge upya.