Kuwezesha au Kuwasha?

Programu endeshi ya Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani kifaa kitunzacho funguo za siri za mashine. Mara nyingi kifaa hicho kimo ndani, ila kimezimwa. Tafsiri iliyozoeleka humwagiza mtumiaji "kuwezesha TPM".

Hapa pana kasoro. Huko Ndandalo, wilayani Kyela, mkulima wa mpunga au kakao huwezeshwa kwa kupewa mkopo au pembejeo. Awezeshwaye ni yule aliyepungukiwa. Karani asomaye kwamba TPM "haijawezeshwa" atadhani mashine imepungukiwa, naye ataomba fedha za kununua nyingine ilhali iliyopo yafaa. Tangu usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ukome tarehe 14 Oktoba 2025, kosa hilo lina gharama.

"Washa" latosha, kwani taa huwashwa ikiwa ipo. Kinyume chake, "zima", ni bora kuliko "lemaza": kilichozimwa huwashwa tena, bali kilicholemazwa hudhaniwa kimeharibika. Twapendekeza wafasiri waishike jozi hiyo, na "kuwezesha" kubakie kwa mwenye kupungukiwa.