Mnara, Mlima na Neno Baridi

Nimeombwa zaidi ya mara moja nilitie shairi langu la mnara wa Dubai katika diwani ninayoitayarisha, na kila mara nimekataa bila ya kutoa sababu. Wapo wasomaji wa ukurasa huu walioliona lilipotoka mara ya kwanza, na baadhi yao waliniandikia kulisifu. Hao wanastahiki jawabu.

Nilikwenda Dubai kumtazama kaka yangu aliyekuwa amelazwa. Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa asubuhi na magharibi; katikati yake palikuwa na mchana mrefu wa mtu aliye peke yake katika mji asioujua. Mchana mmoja nikakata tikiti ya kupanda Burj Khalifa, mnara wa mita 828 uliofunguliwa Januari 2010. Roshani ya kutazamia ipo ghorofa ya 124, mita 452 kutoka ardhini. Lifti ilitufikisha kwa muda wa dakika moja hivi, masikio yakaziba. Huko juu palikuwa na vioo, ubaridi wa mashine, na watu wa mataifa yote waliopeana migongo wakipiga picha. Sisi mahali pa namna ile tungepaita baraza, lakini baraza ina watu wanaojuana.

Shairi likanijia papo hapo: tarbia, beti nane, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho havikuvunjika hata pamoja. Kwa upande wa fani silionei haya. Motokaa ni siafu, barabara ni nyuzi, bahari ni kioo, na binadamu, kwa kuwa haonekani, hana uzito. Kibwagizo kilirejea mara nane kusema kwamba aliye juu ndiye aonaye.

Sasa nilihakiki kama ambavyo ningelihakiki la mtu mwingine. Hakuna tashbihi hata moja ndani yake isiyoweza kutungwa na mtu aliyetazama kadi ya posta. Hilo pekee lisingetosha kulihukumu, kwani washairi wetu wakubwa wametunga vizuri juu ya mambo wasiyoyaona. Kosa ni jingine. Mchana ule nilisimama kwenye kioo nikilitafuta paa la hospitali aliyolala ndugu yangu. Nililitafuta kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote, nikadhani nimeliona, nikalipoteza, nikalitafuta tena. Paa hilo halimo katika shairi. Nilichokitenda nikakiacha, nikatunga nilichodhani kwamba mtu aliye mahali pale hupaswa kukitunga.

Haya sikuyajua mpaka nilipokwenda Moshi. Nilialikwa kuwa mmoja wa wasomaji wa mashairi ya wanafunzi katika skuli moja ya sekondari iliyo mteremkoni, njia ya Marangu. Nikavuka kwa boti, nikashika basi, na kwa siku tatu sikuuona mlima. Mawingu yalikaa juu ya migomba kama dari. Nilikuwa nimejiandaa kutazama juu, na mahali hapakuniruhusu. Nikabaki na hesabu tu: mji wa Moshi upo zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mama anayeuza ndizi sokoni ameketi juu zaidi kuliko ile roshani niliyoilipia, na hajapata kusikia kwamba kwa ajili hiyo anaona zaidi.

Ushairi wetu wa pwani una mazoea mabaya na mlima huu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kileleni, watunzi walikuwa na haki ya kuufanya mlima ishara; tukio lilikuwepo, na kila msikilizaji alilijua. Waliokuja nyuma wameirithi ishara bila ya tukio. Theluji imekuwa kilemba, imekuwa kanzu, imekuwa mvi za mzee mwenye hekima, nami nimekwisha kusoma vilemba hivyo vya kutosha. Barafu yenyewe ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Kwa mwendo huu kilemba kitabaki mashairini hali kichwa ki wazi.

Linganisha na neno moja tu la mwaka 1848. Tarehe 11 Mei mwaka huo, mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya mlima. Akamuuliza kiongozi wa msafara wake, msemaji wa Kiswahili, kitu kile ni nini. Kiongozi akamjibu: baridi. Rebmann aliamua mwenyewe kwamba ni theluji, na wajuzi wa London, William Desborough Cooley akiwa mbele yao, wakambishia kwa miaka. Vitabu vya historia vinashughulika na ubishi huo. Mimi nashughulika na yule kiongozi. Hakuwa na jina la kitu kile, wala hakukitafutia mfano wa kilemba; alikiita kwa kile ambacho kingemfanya mwilini mwake. Kwa maoni yangu, katika yote yaliyosemwa kwa Kiswahili juu ya Kilimanjaro, hakuna taswira iliyolizidi neno hilo, na aliyelisema hakujua kwamba anatunga.

Jambo la pili ni huo upweke wa aliye juu, ambao shairi langu liliutukuza. Juu ya Kilimanjaro haupo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwezi wa Oktoba 1889, mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani alikuwa katika kambi yao ya juu, akiishika kambi katika baridi ambayo watu wa Pangani hawakuizaliwa nayo. Hata leo mgeni haruhusiwi kupanda bila ya kiongozi, na nyuma ya kiongozi wapo wapagazi, wanaoitwa wagumu, na mizigo yao kichwani. Ningependa kusoma shairi la mgumu mmoja. La mgeni aliyefika Uhuru na kujiona yu peke yake nimelisoma mara nyingi, nami niliandika moja lake, japo mnarani.

Katika karatasi za wanafunzi lilikuwamo shairi la msichana mmoja lililotaka kuangushwa na wenzangu. Ubeti wa tatu ulivunja vina, na mshororo mmoja ulipungua mizani. Hayo ni kweli, na sikuyatetea. Lilihusu zamu ya maji. Msomaji wa visiwani ajue kwamba mteremko ule umechimbwa mifereji kwa vizazi vingi, Wachaga huiita mifongo, ikiteka maji ya mito itokayo msituni na kuyapeleka kihamba kwa kihamba, kila nyumba kwa zamu yake. Katika shairi zamu inaangukia usiku. Bibi anamwamsha mjukuu, wanasimama gizani na jembe, wanasubiri. Maji yanafika kwanza vifundoni. Mtoto anastuka kwa ubaridi wake, na bibi anamwambia yametoka juu. Neno mlima halikutajwa, wala halikuhitajika. Tuligombana kwa saa nzima, wakalipa nafasi ya pili, nami nikakubali kwa kuwa vina ni vina.

Siku ya nne alfajiri mawingu yaliachana. Kibo ilionekana kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, ikafunikwa. Sikuandika kitu.

Diwani itatoka bila ya shairi la mnara. Kaka yangu alirudi nyumbani mwaka ule ule, akajaaliwa miaka minne mingine. Lilipochapishwa alilisoma akiwa amelala ukumbini, akaliweka kifuani, akaniuliza kama kutoka kule juu nilikiona chumba chake. Nilimwambia siku ile palikuwa na ukungu.