Stelingi na Adui katika Picha za Makauboi

Watazamaji wa mabanda ya video ya Temeke na Kinondoni walizoea kuipima picha ya kauboi kwa maneno mawili: stelingi na adui. Stelingi hafi. Kipimo hiki hakiitoshi picha ya Sergio Leone ya mwaka 1966, The Good, the Bad and the Ugly, ambamo wauaji watatu wanawania dhahabu iliyofukiwa makaburini. Hata huyo aitwaye mwema hula njama na mhalifu wagawane fedha ya zawadi. Msimulizi wa Kiswahili, wa mkondo uliompa sifa Lufufu, akimwita mmoja wao stelingi, hafasiri tena, bali anahukumu. Neno mjanja lingefaa zaidi, maana husifu na kulaumu kwa pamoja.